Mzee Omolo na Matanga ya Mtu Aliye Hai

Kila wiki lazima mtu agonge lango langu akiuliza yule mzee wa kinanda anaishi chumba gani. Wengine wanatoka mbali, mpaka mtaa wa Baba Dogo, wananiletea vijana wao walionuna kana kwamba hapa Kware tumefungua hospitali. Mimi ni msimamizi wa ploti. Kazi yangu ni maji, taka, taa za ngazi, na kuhakikisha mtu hahami kinyemela na vitanda vyake. Sikuajiriwa kuwa karani wa Sylvance Omolo. Lakini nitafanyaje? Naonyesha kidole juu, nasema ghorofa ya tano, pazia la kijani, na ukimkosa fuata kelele. Basi leo nitasema habari zake zote, halafu mniache nipumzike.

Omolo ni mzee mwembamba mwenye masikio makubwa na ubishi usioisha. Alizaliwa kwenye nyumba za reli, baba yake akifanya kazi ya reli, naye mwenyewe akachomelea mabehewa kwenye karakana mpaka walipopunguzwa. Mke wake, Akech, alikuwa ameshafariki alipohamia kwetu. Alikuja na kitanda, jiko, picha ya Akech, na hicho kinanda chake cha kuvuta na kusukuma, kile Wajaluo wanakiita onanda. Kimezeeka hadi mikunjo yake imebandikwa tepu ya umeme. Siku ile ya kwanza nikamwuliza, "Mzee, hiyo kitu inapiga kelele?" Akaniambia, "Hapana mama, hii inaimba." Ningejua, ningefunga lango saa hiyo hiyo.

Tangu apunguzwe kazi, anapiga matanga. Mnajua huku kwetu mtu akifariki watu hukusanyika kila jioni kwa wafiwa, wanaimba, wanachanga, wanakunywa chai, mpaka mwili usafirishwe nyumbani. Kutoka mtaa wa Lucky Summer mpaka huku, wafiwa humtuma mtu kumwita Omolo. Shida ni kwamba nyimbo anazozijua ni hizo tu. Akikaanga omena, vile visamaki vyake, anapiga wimbo wa matanga. Akifua shati, wimbo wa matanga. Nikamwambia, "Mzee, si upige hata mmoja wa furaha, kuna watoto hapa." Akapiga ule ule wa matanga, ila kwa haraka. Haki ya nani, niliingia ndani nikafunga mlango.

Na ukimwambia hizo nyimbo zinachosha, anakuhubiria. Ati mtu asipoliliwa hajaenda, anabaki amesimama mlangoni kwa wale aliowaacha. Nilimwambia mlangoni kwangu hakuna nafasi ya kusimama mtu, kuna mitungi ya maji.

Sasa niwaambie habari ya kijana wangu, maana bila yeye hamtaelewa kwa nini nilimvumilia huyu mzee.

Kiarie ni mtoto wangu wa pekee. Yeye na rafiki yake Wahome, kijana aliyekuwa akiishi ghorofa ya nne, walikuwa mafundi wa jipsamu, wale wanaoweka dari nyeupe kwenye nyumba mpya. Walitoka pamoja asubuhi, wakarudi pamoja jioni wakiwa na vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Halafu kazi zikakauka. Majengo yakasimama nusu, na vijana wa ploti nzima wakarudi kukaa ngazini kutwa, wakizozana juu ya kitu chochote. Wahome yeye hakuzozana. Alinyamaza tu, akazidi kunyamaza, na siku moja akajitoa uhai. Sitasema zaidi ya hapo.

Watu wake walikuja kutoka Murang'a, wakachukua mwili asubuhi moja katikati ya wiki, wakazika kimyakimya. Hakukuwa na mchango wala wimbo, na hakuna aliyeambiwa siku. Wazee wetu walisema mtu wa namna hiyo haimbiwi, na hadi leo watu wanaona haya, wanaogopa, wanafukia na kuondoka. Kiarie alipata habari ya mazishi kwa simu, mwenzake akiwa ameshafunikwa na udongo. Aliweka simu mezani, akaingia nyuma ya pazia la kitanda chake, akalala akitazama ukuta.

Akakaa huko. Siku, wiki, Ngai! Nikaita mjomba wake, akaja akamwambia awe mwanaume. Nikaita mhubiri, akaanza kumwelezea moto wa jehanamu alimo Wahome, mimi nikamwonyesha mlango kwa heshima, halafu bila heshima. Nikampikia maharagwe ya njahi, yakaganda kwenye sahani. Nikamfokea. Nikamwomba msamaha kwa kumfokea, nikamfokea tena kwa kutonijibu. Usiku nilikuwa nasimama kando ya pazia nikisikiliza kama anapumua, naye alikuwa akinisikia. "Mama, niko," ananiambia. Lakini hiyo "niko" ilikuwa nyembamba sana, na kila siku nilisikia ikizidi kuwa nyembamba. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Niliogopa kwamba siku moja nitasimama pale na nisijibiwe.

Mwenye nyumba naye, baada ya kifo cha Wahome, akapatwa na woga wa ghafla. Akaniletea kufuli nifunge mlango wa kule juu kabisa, penye kamba za nguo, asije kijana mwingine akafanya jambo na ploti yake ikasemwa vibaya. Nguo sasa tunaanika kwa zamu, nikiwa nimesimama pale kama askari jela. Ufunguo nikautundika shingoni.

Ndipo Omolo akaja mlangoni kwangu na kofia yake mkononi.

"Mama Kiarie, nipe ufunguo wa juu."

"Wa nini?"

"Hawa vijana wanaozea hapa kwa ngazi. Nataka tuimbe nao."

"Mzee, watoto hawana kazi, wewe unawaletea kinanda? Watakila?"

"Waimbe kwanza. Njaa itangoja."

Nikamwambia njaa ya Kware haijawahi kumngoja mtu, na ufunguo hapati. Akasema sawa mama, akavaa kofia, akaenda. Nikadhani yameisha. Jioni hiyo hiyo nikamkuta ameketi kwenye ngazi ya ghorofa ya pili, kinanda magotini, vijana wamemzunguka, mmoja anapiga mtungi mtupu kwa ndala. Watu wanarudi kutoka kazini hawana pa kupita. Mama mjamzito amekwama na kabichi zake. Nikafoka mpaka koo likakauka. Kesho yake wako pale pale. Kesho kutwa wameongezeka, na huyu msichana Lorraine, aliyefukuzwa kazi ya kusuka nywele na ambaye watu walisema hapati usingizi usiku, ndiye anaanzisha nyimbo kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

Wapangaji wakanijia juu. Basi nikatoa ufunguo, si kwa mapenzi, kwa kuchoka. Nikaweka masharti yangu: wanapanda nikiwapo, wanaketi mbali na ukuta wa pembeni, wanashuka kabla ya giza. Omolo akakubali yote akitabasamu, na hilo tabasamu ndilo lilinikera zaidi. Ikawa kila jioni naacha sufuria jikoni, napanda ghorofa zote hizo na magoti yangu haya, naketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya suruali za watu, nimejifunga shali kwa sababu ya upepo, nimekunja uso, nasikiliza nyimbo za matanga.

Vijana nao walikuwa na nyimbo zao. Wanaanza wimbo wao wa mtaani, mzee anaufuata na kinanda, na kabla hujajua umegeuka wa matanga. "Buda, unatuzikia ngoma!" wanamwambia, halafu wanaendelea kuimba. Na kuna desturi ya Kijaluo aliwafunza. Muziki ukiwa umekolea, mtu yeyote anaweza kuinua mkono, kinanda kinasimama papo hapo, naye anamsifu mtu anayempenda, au anajisifu mwenyewe, na wote lazima wamsikilize mpaka amalize. Mwanzoni ulikuwa mchezo. Mmoja alijisifu ati yeye ndiye kijana pekee Kware anayefua soksi. Lakini siku moja Lorraine aliinua mkono, akamsifu mama yake aliyeko kijijini ambaye hajui kwamba mtoto hana kazi, akashindwa kumaliza. Hakuna aliyecheka. Mzee alingoja, akavuta kinanda polepole, wakamwimbia mpaka akatulia. Mimi nikajifanya napanga vibanio vya nguo.

Sikatai, niliona. Fujo za ngazini zilipungua. Wale waliokuwa hawasalimii wakaanza kunisalimia, "Niaje mathe." Nilifurahi kwa ajili ya watoto wa watu, na nilikasirika, kwa sababu wangu alikuwa chini amelala. Kila jioni, kabla ya kupanda, Omolo alishuka kwanza mpaka mlangoni kwangu na kinanda begani, akasema, "Kiarie, tuko juu." Hakuna jibu. Kesho tena, "Kiarie, tuko juu." Nikamwambia, "Mzee, amekusikia. Kama hataki, hataki. Unanichoma tu roho." Akanijibu, "Mama, mimi simlazimishi. Namwambia tu tuliko."

Sasa kuna jambo moja kuhusu ploti yetu. Tuko ghorofa saba, watu wamebanana kama njiti za kiberiti, na nusu hawajuani majina. Lakini kwenye kifo tuna adabu. Ukisikia nyimbo za matanga, huulizi nani amekufa. Kuuliza ni kumtonesha mfiwa. Unanunua sukari, unapanda, unaketi. Habari utaipata ukiwa umeshaketi. Hiyo adabu ndiyo iliyoniletea balaa.

Siku ya Jumamosi, jua likiwa bado liko juu, tumeketi kama kawaida. Nikasikia vishindo ngazini. Akatokea Benta, mama anayeuza mandazi hapo chini na ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha ploti. Nyuma yake akina mama wengine wakiwa wamejifunga leso, wanaume wamebeba viti vya kukodi, birika kubwa la chai, na sukari, pakiti kwa pakiti. Benta akaja moja kwa moja kwangu, akanikumbatia, akaanza kulia.

Nami nikadhani amefiwa. Nikamshika, nikamwambia, "Pole sana, Benta."

"Pole wewe, Mama Kiarie."

"Hapana, pole wewe."

"Woi, ona moyo alio nao huyu mama," akawaambia wenzake. "Amefiwa yeye, ananipa mimi pole! Wiki nzima tunasikia nyimbo, tunamwona amekaa hapa na shali, hataki hata kutuambia. Mama, kijana alikuwa mzuri. Siku moja alinibebea unga mpaka kibandani bila kutumwa."

"Kijana gani?"

"Kiarie."

Jameni. Kijana hajaonekana wiki ngapi, mama yake kila jioni yuko juu na mzee wa matanga, watu wamejumlisha wakapata jibu. Nikafoka. "Nani amekwambia mwanangu amekufa? Mwanangu yuko nyumbani amelala! Mmeona jeneza? Mmeona mwili? Benta, una wazimu?" Nikamgeukia Omolo. "Na wewe! Ni wewe na hicho kinanda chako cha msiba! Nilikwambia upige kitu cha furaha!" Mzee akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakubisha.

Lakini wakati nafoka, hofu ilikuwa imeshaniingia. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi siamini mambo ya uchuro, lakini hapo niliamini. Watu wazima, tena wengi, wamekuja na sukari kumlilia mwanangu, na hakuna aliyeona ni ajabu. Hakuna aliyesema, Kiarie yule? Haiwezekani. Wote waliona inawezekana. Hata mimi niliona inawezekana.

Na saa hiyo hiyo mtu akapiga yowe kutoka chini. Lilitoka nyumbani kwangu.

Sijui nilishuka vipi. Sikumbuki ngazi. Nakumbuka tu nikisema ngoja, ngoja, ngoja, na sijui nilikuwa namwambia nani. Ghorofa ya tatu nikagongana na mtu anayepanda, nikamsukuma nipite, akanishika mikono. Alikuwa Kiarie. Miguu mitupu, blanketi begani, ndevu zimeota ovyo.

"Mama," akasema, "wanasema nimekufa."

Nyuma yake Sabrin, msichana wa Benta wa kuosha vyombo, alikuwa ameketi ngazini ameshika kifua. Alikuwa ametumwa kwangu kuchukua vikombe, maana kwenye msiba jikoni kwa mfiwa huingiwa bila kubisha hodi. Akakuta maiti imeketi kitandani, ikamwuliza anataka nini.

Nilimpiga kofi Kiarie. Ndiyo, nilimpiga, halafu nikamshika uso kwa mikono yote miwili, nikamkagua kama mtoto mchanga. Hakukasirika. Alikuwa akitazama juu, kwenye mwanga wa mlango ulioachwa wazi. "Ni nani wako huko?" akauliza. Nikamwambia ni wapumbavu watupu. Akapanda. Nikamfuata, nimeshika ncha ya blanketi lake.

Alipotokea, mama mmoja aliita jina la Yesu. Kiarie akatazama viti vilivyopangwa, akatazama birika, akatazama pakiti za sukari zilizorundikwa kwenye beseni. Akageuka kwa Benta.

"Hizi zote ni zangu?"

Benta aliona haya. "Tulidhani... Tusamehe, mwanangu."

"Mngekuja hivi? Wote?"

"Sasa tusije kwani wewe ni mbwa?" Benta akasema, machozi bado yako shavuni.

Nilitaka kusema kitu, Omolo akanitazama, akatikisa kichwa, na mimi Mukami, ambaye sijawahi kunyamazishwa na mtu hapa Kware, nikanyamaza. Mzee akaanza kuvuta kinanda chini chini, wimbo ule ule. Lorraine akaushika. Mtungi ukaingia. Na katikati ya wimbo mwanangu akainua mkono.

Kinanda kikasimama.

"Namsifu Wahome," akasema. Sauti ilikuwa inakwaruza kwa kutotumika. "Wahome wa ghorofa ya nne. Fundi. Alikuwa anaweza kukata jipsamu kwa macho, bila kupima, na inaingia. Aliogopa paka. Alinifunza kazi bure." Akawageukia wote. "Alikuwa mtu mzuri, na mlimwacha azikwe kama takataka. Hakuna mtu alimletea sukari. Hata mimi sikuwa hapo. Na kila siku nikilala kule chini nilikuwa najiambia nimfuate, angalau awe na mtu. Leo asubuhi nilikuwa nimekaribia kukubali."

Alisema hivyo mbele ya watu wote. Nilikuwa nimesimama kando ya pazia lake wiki hizo zote, sikuambiwa. Ilibidi ploti nzima imwue kwanza ndipo aseme. Nilimkasirikia, Mungu anisamehe, nilimkasirikia mpaka meno yakauma, na nililia kwa sauti bila kujali nani ananiangalia.

Omolo hakuhubiri. Alisema tu, "Wahome wa ghorofa ya nne," akavuta kinanda. Na wale watu waliokuja kumlilia mwingine wakamlilia Wahome. Akina mama waliokuwa wakisema haimbiwi walimwimbia kwa Kijaluo, kwa Kikuyu, kwa lugha ya kanisani, kila mtu na yake, na kinanda kikawafuata wote. Vijana walilia kama watoto. Kiarie aliketi chini, kichwa kwenye bega la Lorraine, mabega yakimtikisika, na nilihesabu hilo kuwa jambo jema, maana mtu aliyekauka kule chini alikuwa hatikisiki.

Yako mambo bado. Hajapona kama mtu anavyopona homa. Jumatatu yake Omolo na Benta walitusindikiza kwenye zahanati, amuone mtu aliyesomea mambo hayo, na bado anaenda. Kazi hajapata. Na huyo mzee bado anapiga matanga akikaanga omena, tena siku hizi kijana wangu ndiye anampigia mtungi, kwa hiyo nina kelele maradufu.

Lakini jioni ile, nyimbo zilipotulia, Benta alijaza kikombe kutoka lile birika, akampelekea. Kiarie akanywa chai ya matanga yake mwenyewe, akainywa yote, akaomba kingine. Akanong'ona kwamba ina sukari nyingi mno. Nikamwambia afunge mdomo anywe, watu wamemlilia.